Nani Huona Pesa Zako Zikitembea?

Habari za serikali na data zikitoka tu, wateja wetu wa Kitengela hutuuliza: "Kwani KRA wanaona nikitumiwa pesa?" Wacha tujibu bila kuzunguka.

Sisi tunaona. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inatutaka tuweke rekodi za miamala kwa angalau miaka 7. Ukifuta meseji, umeifuta kwa simu yako tu.

Serikali je? Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka KRA isibanwe na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikitafuta habari za ushuru. Baada ya maandamano, Rais alikataa kuutia sahihi Juni 2024. Hata hivyo, polisi wakija na amri ya korti, rekodi zinatolewa.

Lakini kuna jicho lililo karibu zaidi: kitabu cha wakala. Umeuza ng'ombe Bissil, ukatoa pesa Kajiado mjini. Jina lako, namba ya kitambulisho na kiasi viko hapo mezani, na aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma. Jioni anakupigia akijiita mhudumu wetu, na anajua kila kitu.

Kwa hivyo, mwambie wakala afunike ukurasa, na usikubali upigwe picha. Anayekutajia kiasi ulichotoa bado anaweza kuwa tapeli. Usimpe namba ya siri. Na una haki kisheria kujua tunahifadhi nini kukuhusu. Tuulize.