Kila Mmea na Kwao

Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa ya kuwa kila mmea una kwao. Ajua ya kuwa mpunga ustawio katika joto la Bonde la Rukwa hauwezi kustawi vivyo hivyo huku juu, penye baridi ya usiku. Lakini tukishika mmea wa porini twaisahau elimu hiyo. Leo twataka kueleza habari za chikanda, na sababu ya kufa kwake upandwapo nyumbani.

Mtu akitoka Majengo, mjini Sumbawanga, wakati wa mvua, akaingia katika nyasi za uwanda wa juu, huweza kuona maua ya jamii ya okidi. Wataalamu huyaita Disa, Satyrium na Habenaria. Chini ya ardhi yana viazi vidogo, navyo ndivyo chikanda. Huko Zambia viazi hivyo hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa hata vikashikamana kama mkate wa kukatwa vipande. Chakula hicho chapendwa sana, na viazi vya huko vilipopungua wachuuzi waligeukia upande wetu. Watafiti walioandika mwaka 2003 walikadiria ya kuwa viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilivuka mpaka kila mwaka kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania.

Fedha ya chikanda ni msaada kwa nyumba nyingi. Walakini kiazi kikichimbuliwa, mmea umekufa. Na mwaka wa pili mchimbaji hana budi kwenda mbali zaidi.

Basi mtu husema, “Nitapanda shambani kwangu.” Hutengeneza tuta, hutia samadi nyingi, humwagilia maji hata kiangazi. Baada ya muda mfupi kiazi chaoza. Mtu huyu hakukosa bidii. Amemtunza mgeni kwa desturi za mahindi.

Tuangalie, basi, jinsi mmea huu ukaavyo kwao. Kwanza, wapenda jua na hewa ya wazi. Kivuli cha mgomba hakiufai. Pili, maji: namna nyingine hukaa kwenye majani ya bondeni penye unyevu, nyingine mteremkoni, maji yasipotuama. Hapana budi kujua mmea ulitoka wapi kabla ya kuuchagulia mahali. Tatu, majira: mvua zikianza, huchipua na kutoa maua, na chini ya ardhi hufanya kiazi kipya mahali pa kile cha zamani kinachonyauka. Kiangazi majani hufa, na kiazi kipya hulala kikingoja mvua. Mwenye kukimwagilia wakati huo amkesha aliyelala. Nne, udongo: umezoea udongo usio na rutuba nyingi, na samadi nyingi huudhuru.

Tena liko jambo la tano lisiloonekana kwa macho. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula kama punje ya mahindi au haragwe. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard alivumbua ya kuwa mbegu ya okidi huota kwa msaada wa kuvu, jamaa ya uyoga na koga, iishiyo udongoni. Kuvu huingia ndani ya mbegu na kuilisha. Pasipo kuvu yake, mbegu iliyoanguka porini haioti. Ndiyo maana mbegu zilizomwagwa katika bustani nzuri hazitoi kitu.

Kwa hiyo atakaye kujaribu asing'oe mimea ya porini ovyo. Na achukue ile iliyo mahali palipokaribia kulimwa, iliyokuwa ife hata hivyo. Achimbue kiangazi, kiazi kikiwa kimelala, pamoja na bonge la udongo wake, maana ndani yake mna kuvu. Apande mahali panapofanana na pale pa kwanza, asitie samadi, wala asimwagilie hata mvua zirudi.

Lakini shamba lililo bora la chikanda lipo tayari, nalo ni zile nyasi zenyewe. Kijiji kikitenga sehemu isiyolimwa wala kupandwa misonobari, kikaacha maua yazae na mbegu zipeperuke kabla ya mtu kuchimba, kikapumzisha sehemu hiyo miaka kadhaa, mbegu zitaanguka penye kuvu yake, nazo zitaota bila jembe. Kwa sababu ya maua kama haya uwanda wa Kitulo, uitwao Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Hatusemi ya kuwa ni kazi ya upesi. Tangu mbegu hata ua hupita miaka kadhaa, na jembe huondoa kiazi kwa dakika moja. Lakini anayetaka wajukuu wake waione chikanda Ufipa na aanze kwa kuuliza, si “Niupe nini mmea huu?” bali “Kwao pakoje?”