Theon na sisi tuliorudi: mwenye nyumba mbili ana kosa gani?

Mtu kwao, walisema wazee. Lakini yule mwenye kwao kuwili afanyeje?

Swali hilo lilinijia mara ya kwanza ndani ya kibanda cha video katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 50 kutoka Lilongwe. Tulibanana kwenye mabenchi, Warundi, Wakongomani na Wanyarwanda, jenereta ikinguruma nje, tukitazama Game of Thrones. Mchezo huo wa runinga, uliotokana na vitabu vya George R.R. Martin, ulirushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia 2011 hadi 2019. Wenzangu walishangilia majoka na panga. Mimi macho yangu yalikuwa kwa kijana mmoja, Theon Greyjoy.

Kwa msomaji asiyemjua, Theon ni mwana wa Balon, mtawala wa Visiwa vya Chuma. Baba alimwasi mfalme, akashindwa, na mtoto akachukuliwa mateka, akalelewa Winterfell katika nyumba ya Ned Stark. Alikula meza moja na watoto wa nyumba hiyo. Robb, mwana mkubwa, alikuwa kama ndugu yake. Hata hivyo kila mtu alijua kwamba baba yake akiasi tena, kichwa cha Theon ndicho kitakacholipa.

Vita vinapozuka, Robb anamtuma kwao kuomba merikebu. Theon anashuka bandarini akitarajia vigelegele. Hakuna hata anayemtambua. Baba anamkagua mavazi, anamuuliza kama pambo la shingoni alilinunua kwa dhahabu au alilipata kwa upanga.

Kibandani watu walicheka. Mimi sikucheka.

Niliingia Malawi mwaka 1996 nikiwa na miaka 13. Dzaleka ilikuwa kambi tangu 1994. Kabla ya hapo ilikuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda, na husimuliwa kuwa jina lake lina maana ya "sitarudia tena". Nilisoma kwa Kiingereza na Chichewa hadi nikapata cheti cha kidato cha nne. Nsima na usipa ndivyo vilivyonikuza.

Mwaka 2018 nilirudi Burundi, nikaanza kufundisha Rumonge. Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza. Katika chumba cha walimu nikaitwa "Mmalawi". Siku nyingine ulikuwa utani, siku nyingine haukuwa.

Turudi kwa Theon. Alipojua kwamba baba yake anapanga kuwashambulia akina Stark, aliandika barua ya kumwonya Robb. Kisha akaichoma kwa mshumaa. Akaenda kuiteka Winterfell, akamuua mzee aliyemfundisha kushika upanga. Wadogo zake Robb walipomtoroka, aliua watoto wawili wa shambani, akawachoma ili wasitambulike, akatangaza kwamba ndio hao.

Wengi husema kosa lake lilikuwa kupenda nyumba mbili, kwamba mshika mbili moja humponyoka. La hasha! Alipokuwa akiandika ile barua hakuwa amemkosea mtu. Kosa lilianza pale alipotaka kuthibitisha kwamba yeye ni wa nyumba moja tu, na ushahidi aliouleta ukawa ni kuichoma nyingine.

Mimi nami nina barua yangu.

Machi 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo Aprili 15. Mei msako ukaanza. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 ilikuwa tayari na zaidi ya 50,000. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alikuwa na duka Lilongwe.

Alinipigia saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Chumba cha walimu kilikuwa kimejaa, na mwenzetu mmoja ndiyo kwanza amalize kusema kwamba waliobaki Malawi ni wavivu wanaongoja mgao. Namba ya Malawi ikatokea kwenye simu. "Nani huyo?" wakaniuliza. Nikasema simjui, nikazima simu. Kisha nikaongeza kwa sauti, bila kuulizwa: "Nao warudi nyumbani kama sisi."

Walinipongeza. Siku ile sikuitwa Mmalawi.

Nilikuwa nimekwisha kuutazama mwisho wa Theon, tena ningeweza kuufundisha darasani. Aliteswa mno, lakini mateso hayakumlipia deni. Katika msimu wa 2017 Jon Snow, waliyelelewa naye, anamsamehe yale tu aliyo na haki ya kuyasamehe, na kumwambia kwamba hana haja ya kuchagua: yeye ni wa kote kuwili. Mwaka 2019 Theon anakufa palepale Winterfell akimlinda Bran, mmoja wa watoto aliodai kuwaua. Waliosimama naye ni mashujaa wa visiwa vya baba yake. Nyumba zote mbili zilikuwa mahali pamoja.

Siku ya tatu nilimpigia rafiki yangu. Nilitaka kueleza, hakunipa nafasi. "Achimwene, nilijua uko darasani," alisema. Alikuwa amefunga duka, amehamishia mizigo kambini. Hakuomba fedha. Alikuwa na swali moja: "Huko nyumbani, wanaorudi wanapokelewaje?"

Nilimwambia ukweli, pamoja na maneno niliyoyasema mimi mwenyewe. Alinyamaza kwa muda mrefu. Tungali tunaongea, ingawa si kama zamani.

Ndugu yangu uliyerudi, nawe mfanyabiashara unayevuka Songwe na mizigo yako, siku moja watakuuliza wewe ni wa wapi, na jibu rahisi litakuwa ni kuwatukana waliokulea. Usilitoe. Na simu kutoka ng'ambo ikiita mbele za watu, ipokee.