Mwanga Uliopotea Njia: Fundisho kwa Dhamiri Zetu



Mpendwa msomaji, weka beseni la maji juani, karibu na mlango wa nyumba. Duara la mwanga litaonekana darini. Lori likipita barabarani, maji yatatikisika na mwanga ule utachezacheza, ingawa jua lenyewe halikutikisika. Jambo hilo dogo huwasumbua sana wanasayansi wanaopima mawimbi ya graviti.

Mawimbi hayo ni mtikisiko wa nafasi na wakati, unaotokana na matukio makubwa kama kugongana kwa mashimo meusi, mabaki ya nyota kubwa zilizokufa. Albert Einstein aliyabashiri mwaka 1916. Yalinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, Hanford na Livingston. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita 4, ambamo mwanga wa leza husafiri kati ya vioo ndani ya mabomba yaliyoondolewa hewa. Wimbi lilipopita, urefu wa mikono ulibadilika kwa kipimo kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni.

Hata hivyo, hakuna kioo kisicho na dosari. Sehemu ndogo ya mwanga hutoka njiani, hugonga ukuta unaotikiswa na upepo, magari au mawimbi ya bahari ya mbali, kisha hurudi na kujiunga na mwanga mkuu. Hapo huleta habari za ukuta kana kwamba ni habari za nyota. Huko Hanford, kelele moja ilifuatiliwa hadi kwa kunguru waliokuwa wakidonoa barafu iliyoganda juu ya bomba!

Kwa hiyo wanasayansi huweka ndani ya mabomba vizuizi vinavyonasa mwanga uliopotea, na hupima kila mtikisiko wa mahali pao wenyewe. Tena hulinganisha mitambo yote miwili, iliyo umbali wa kilomita 3,000 hivi. Ishara ya mwaka 2015 ilionekana kote kuwili.

Jina la mji wetu, Sumbawanga, huelezwa na wazee kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Lakini mtoto anapofariki ghafla, bado yupo bibi kizee anayenyooshewa kidole. Ndoto, wivu wa ukoo na uchungu wa msiba hugeuzwa kuwa ushahidi, na damu isiyo na hatia yaweza kumwagika. Hizo ni kuta zetu zinazotikisika, wala si ukweli. Maandiko Matakatifu hudai mashahidi wawili au watatu (Kum 19:15), na hata mashahidi kumi waliosikia uvumi mmoja ni sawa na shahidi mmoja tu.

Ndugu zangu, kabla ya kusema “tumemjua aliyetuloga”, tuipime kwanza mitikisiko ya mioyo yetu. Anayemsingizia jirani yake ameuchukua mtikisiko wa ukuta wake akauita nuru ya Mungu.