Arizona: Ku jangwa la Sonora, mbwa anatembezwa saa kumi na moja ya asubui, kobe analala miezi mitano

Mu muji wa Phoenix, ku jimbo la Arizona, kusini-mangaribi ya Marekani, hakuna anayeshangaa kuona mutu anatembeza mbwa wake saa kumi na moja ya asubui na torshi mukononi. Wakaaji wanajua kama kisha saa mbili, wakati wa joto, barabara si ya mbwa tena. Hapa ni jangwa la Sonora, lenye kuendelea mpaka ndani ya Mexico, na mvua ya mwaka muzima ku Phoenix ni kidogo: kwa kawaida haifike hata milimita 200.

Wakongomani waliopokelewa kule kama wakimbizi, wengi wao wenye kusema Kiswahili, wanakuta desturi ingine. Kwetu mbwa analala inje, analinda lupango, anakula mabaki. Kule anakaa ndani ya nyumba, karibu na mashini ya kupoza hewa. Siku za kwanza inachekesha. Mwezi wa sita ukifika, mutu anaelewa.

Wenyeji wa jangwa hili wanahesabu misimu tano, si ine, kwa sababu wanagawanya wakati wa joto mara mbili: kwanza ukavu, kisha mvua. Ule ukavu ndio unaua. Mwaka 2023, ku Phoenix, joto lilipita degre 43 siku 31 mufululizo, tangu tarehe 30 mwezi wa sita mpaka tarehe 30 mwezi wa saba. Hiyo ni joto ya hewa tu. Gudroni yenye kupigwa na jua inaweza kupita degre 65, na nyayo za mbwa zinaungua kwa dakika moja tu. Kipimo cha watu wa kule ni rahisi: weka mugongo wa mukono chini, hesabu pole pole mpaka saba. Ukishindwa, rudi nyumbani na mbwa wako. Wengine wanawavalisha viatu, na hakuna anayecheka.

Mbwa hatoke jasho kama mutu; anajipoza kwa kuhema ulimi inje. Hewa ikiwa ya moto kama ile, kuhema hakumusaidie sana, zaidi wale wa pua fupi. Ndiyo maana viongozi wa muji wa Phoenix walikataza kupanda na mbwa ku njia za milima yao joto likifika degre 38. Tena, tangu 2017, sheria ya Arizona inamulinda mutu anayevunja kioo cha gari ya mwingine ili kuokoa mutoto ao mbwa aliyefungiwa ndani, kama ameita kwanza polisi ao wazima-moto na kubakia pale mpaka wafike. Sheria nzuri, kusema kweli.

Kisha mvua zinaanguka, kati ya mwezi wa saba na wa tisa, pamoja na tufani za vumbi zenye kufunika muji muzima. Kila mutu anafurahi, lakini mwenye mbwa anaanza kulinda lupango usiku. Chura mukubwa wa Sonora, ambaye alikuwa amejificha chini ya udongo karibu mwaka wote, anatoka. Nyuma ya macho yake kuko sumu. Mbwa akimuuma ao kumulamba, anatoa povu, anatetemeka, na anaweza kufa. Inapasa kuosha kinywa chake na maji yenye kutiririka, kichwa kikiwa chini ili asimeze ile maji, kisha kukimbilia kwa munganga wa wanyama bila kungoja kuona kama atapona mwenyewe.

Vumbi nayo iko na hatari yake. Mu udongo wa Arizona munakaa kuvu yenye kuleta ugonjwa wa mapafu unaoitwa homa ya bonde. Mbwa anayechimba chimba anaivuta ndani. Anakohoa, anakonda, pengine anachechemea, na dawa zinaweza kuendelea miezi mingi. Hata watu wanaugua, lakini kwa kuvuta vumbi ileile, si kwa kuambukizwa na mbwa. Chuo Kikuu cha Arizona, ku Tucson, kinafanya kazi juu ya chanjo ya mbwa.

Wakati wa baridi ni kupumua, hata kama usiku pengine maji inaganda ku Tucson. Paka anabaki ndani mwaka wote, kwa sababu mbwa-mwitu wadogo wa pale, koyoti, wanaingia mpaka kati ya nyumba. Mwezi wa tatu nyoka wenye kengele ku mukia wanaamuka, na wenye mbwa wanawapeleka kufundishwa kukimbia harufu yao.

Mufugo wa ajabu zaidi ni kobe wa jangwa. Kumukamata mu pori ni kosa. Anaombwa ku idara ya wanyama wa pori ya Arizona, ambayo inagawa wale wasioweza kurudishwa mu pori kwa kuwa wangepeleka magonjwa kwa wenzao. Mwenye kumupokea anamujengea shimo lenye kivuli, anamupandia majani ya kula, na tangu mwezi wa kumi mpaka wa tatu hamuone, kwa sababu amelala. Kobe huyo anaweza kufikisha miaka 80. Kwa hiyo watu wazima wanaotaka kumuchukua wanapashwa kupanga mapema ni mutoto gani atabaki naye.