Kujaza na Kuwasilisha Maombi ya Talaka Mahakamani

Shauri la ndoa laweza kukwama kabla hakimu hajamsikiliza shahidi hata mmoja, kwa sababu tu ya hati iliyokosekana au sehemu ya fomu iliyoachwa wazi. Makala hii inaeleza utaratibu uliowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ili mwananchi asipoteze muda, fedha wala haki yake.

Anzia katika Baraza

Kabla ya kwenda mahakamani, mgogoro hupelekwa kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha wanandoa, hutoa hati inayoeleza matokeo ya usuluhishi. Maombi ya talaka huambatanishwa na hati hiyo, nayo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya siku ya kuwasilisha maombi. Kwa mfano, mwenye hati ya tarehe 10 Januari akisubiri hadi Septemba, hati yake itakuwa imepitwa na wakati. Tunashauri tarehe ya hati itazamwe kabla ya jambo lingine lolote.

Sheria inaruhusu kutopitia Baraza katika mazingira machache. Miongoni mwake ni pale mwenzi alipomtelekeza mwombaji na hajulikani alipo, au alipoitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika. Aidha, ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 huhitaji kibali cha mahakama kabla ya kuombewa talaka.

Jaza kila sehemu

Maombi yanapaswa kuonyesha mambo yafuatayo:

1. Maelezo ya ndoa, pamoja na majina, umri na jinsia ya watoto.
2. Maelezo yanayoipa mahakama mamlaka: kwamba makazi ya kudumu ya mwombaji ni Tanzania, au ameishi nchini kwa angalau mwaka 1 mfululizo kabla ya kuomba.
3. Mashauri ya ndoa yaliyowahi kufunguliwa kati ya wahusika.
4. Madai makuu yanayoonyesha kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.
5. Makosa ya mwombaji mwenyewe katika ndoa, ikiwa yapo. Sheria inamtaka ayakiri.
6. Makubaliano kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali, au mapendekezo ya mwombaji pale ambapo hakuna makubaliano.
7. Nafuu zinazoombwa.

Sehemu mbili za mwisho zinahitaji uangalifu mkubwa. Anayeandika “naomba talaka” pekee, bila kutaja uangalizi wa watoto, matunzo na mali, anaweza kutoka mahakamani na talaka mkononi huku maisha yake na ya watoto yakiwa hayajapangwa. Taja kila mali iliyochumwa pamoja na mchango wako katika kuipata. Mchango si fedha pekee: tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani imetambua kuwa kazi za nyumbani na malezi ya familia nazo ni mchango.

Kuwasilisha maombi

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zimepewa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Andaa nakala ya mahakama, ya mjibu maombi na ya kwako mwenyewe. Ambatanisha hati ya Baraza na nakala ya cheti cha ndoa, ikiwa unacho. Lipa ada kwa namba ya malipo utakayopewa, kisha tunza stakabadhi. Kabla ya kuondoka, hakikisha umeandikiwa namba ya shauri na tarehe ya kufika mbele ya hakimu.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ni vyema kuuomba kabla ya kutia saini, kwa kuwa utakayoyaandika katika fomu ndiyo utakayotakiwa kuyathibitisha mahakamani.