Kiti ni cha Waliokuchagua: Habari za Basil Bataringaya na Somo kwa Matawi Yetu

Kila unapokaribia uchaguzi wa matawi, swali moja hutufikia kutoka viwandani na mashambani. Wanachama wanauliza: tufanye nini na mwakilishi tuliyemchagua sisi, akapewa cheo na mwajiri, na bado anashikilia kiti cha chama?

Swali hili tunalijua kwa uchungu wetu wenyewe. Mwaka mmoja, katika kiwanda kimoja cha hapa Kampala, tulikuwa tunadai posho ya zamu ya usiku. Mwakilishi wetu aliingia kwa meneja siku ya Jumatatu na barua yetu mkononi. Ijumaa akatoka akiwa msimamizi wa zamu. Barua hatukuiona tena. Cheo alikipokea, lakini kiti chetu hakukirudisha. Kwa miezi saba mtu aliyetakiwa kusema kwa niaba yetu alikaa upande wa pili wa meza, na kila tulipotaka kupeleka madai, ilibidi tuyapeleke kupitia kwake.

Wazee wa chama walituambia wakati ule kwamba tusidhani jambo hili limeanzia kiwandani. Walitukumbusha lililotokea Bungeni, miaka ya mwanzo ya uhuru wetu. Tunalieleza hapa kwa sababu vijana wengi wanaojiunga nasi leo hawajalisikia.

KIONGOZI WA UPINZANI AHAMA

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katika Bunge lililotokana na uchaguzi wa Aprili mwaka ule, UPC ilikuwa na viti 43, DP viti 24, na Kabaka Yekka viti 24. Hakuna chama kilichoweza kutawala peke yake. UPC na Kabaka Yekka wakashikana mikono, Milton Obote akawa Waziri Mkuu, na DP ikabaki upande wa upinzani.

Rais wa DP alikuwa Benedicto Kiwanuka, aliyeongoza serikali kabla ya uchaguzi ule. Lakini yeye hakuwa na kiti Bungeni, maana wabunge wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko, na Lukiiko lilikuwa mikononi mwa Kabaka Yekka. Kwa hiyo aliyeongoza wabunge wa DP alikuwa katibu mkuu wao, Basil Bataringaya, mwana wa Ankole. Yeye ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani.

Kazi ya upinzani tunaielewa vizuri sisi watu wa chama cha wafanyakazi. Ni kuusoma mkataba kabla haujatiwa sahihi. Ni kuuliza fedha zimekwenda wapi. Ni kusema "hapana" pale ambapo wengine wote wananyamaza kwa hofu au kwa shukrani.

Mwaka 1964 urafiki wa UPC na Kabaka Yekka ulivunjika. Lakini UPC haikuanguka, kwa sababu wabunge wa vyama vingine walikuwa wameanza kuhamia kwake mmoja mmoja. Ndipo tarehe 31 Desemba 1964 Kiongozi wa Upinzani mwenyewe, Basil Bataringaya, akahamia UPC pamoja na wabunge wenzake kadhaa wa DP. Aliyekuwa na kazi ya kuihoji serikali akaenda kukaa na wale aliokuwa akiwahoji. Nafasi yake ya kuongoza upinzani ikachukuliwa na Alex Latim.

Tutamke haki. Mtu ana uhuru wa kubadili mawazo. Siku zile watu wengi katika Afrika waliamini kwamba nchi changa haiwezi kubeba vyama viwili vinavyovutana, na wengi waliohama walisema wanatafuta umoja wa taifa. Isitoshe, chama chenye rais aliye nje ya Bunge na kiongozi mwingine aliye ndani si nyumba rahisi kukaa. Hatuwezi kufungua moyo wa marehemu tukasoma kilichokuwamo.

Lakini mpiga kura je? Yule mkulima au kibarua aliyepanga foleni mwaka 1962 akaipa DP kura yake, nani alimwuliza? Hakuna. Sheria haikumlazimu mbunge aliyehama arudi kwa waliomtuma. Uchaguzi mkuu uliofuata ulifanyika Desemba 1980. Mpiga kura alingoja miaka 18 kutoa neno lake, na waliokuwa Bungeni mwaka 1964 walikuwa wametawanyika, wengine makaburini.

NJIA ALIYOIPITA

Bataringaya alipata cheo kikubwa. Akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, wizara yenye polisi mkononi.

Nchi nayo ilikuwa inageuka. Tarehe 22 Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri Entebbe. Tarehe 15 Aprili mwaka ule ule Bunge likapewa katiba mpya, ikapitishwa siku hiyo hiyo kwa kura 55 dhidi ya 4, na wabunge wakaambiwa nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Ndugu mwanachama, je, wewe ungetia sahihi mkataba wa kazi leo, ukausome kesho? Hivyo ndivyo inavyokuwa pale wanaouliza maswali wanapokuwa wachache.

Mwaka 1969 Benedicto Kiwanuka akawekwa kizuizini. Desemba mwaka huo Obote alipigwa risasi Lugogo, hapa hapa Kampala, akapona. Baada ya hapo vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, DP kikiwa kimojawapo. Tazameni mzunguko huo: chama kilichompa Bataringaya jina kilifungwa na serikali ambayo yeye mwenyewe alikuwa waziri wake.

Januari 1971 Obote alikwenda Singapore kwa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola. Tarehe 25 Januari, Idi Amin akatwaa serikali. Bataringaya hakuwa na pa kuhamia tena. Alitiwa mbaroni, na mwaka 1972 akauawa.

Wako wanaosema kifo kile kilikuwa malipo ya kuhama. Sisi hatusemi hivyo, na tunaomba msiseme. Benedicto Kiwanuka hakuhama chama chake. Amin alimtoa kizuizini, akamfanya Jaji Mkuu, na Septemba 1972 askari wakamchukua kutoka Mahakama Kuu, akauawa naye. Aliyehama na asiyehama walikufa mwaka mmoja chini ya mkono mmoja. Udhalimu haukuwauliza kadi za vyama. Kwa hiyo somo letu halimo katika vifo vyao, bali katika kile kiti cha mwaka 1964 ambacho wenyewe hawakurudishiwa.

MLANGO WA UPANDE MMOJA

Majirani zetu wa Kenya walionyesha upande mwingine wa jambo hili. Novemba 1964 chama cha upinzani cha KADU, chini ya Ronald Ngala, kilijivunja na wabunge wake wakaingia KANU, chama cha serikali. Viti vyao walibaki navyo, na hakuna aliyewaambia warudi kwa wapiga kura.

Lakini mwaka 1966 Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais akahamia KPU pamoja na wenzake, katiba ilibadilishwa haraka haraka ili kila aliyehama apoteze kiti na kugombea upya. Uchaguzi ulifanyika Juni mwaka huo. Odinga alirudi Bungeni. Bildad Kaggia, mtu aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi wa Nairobi, alikipoteza kiti chake cha Kandara.

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Ubaya ulikuwa kwamba aliyekwenda kwa wakubwa mwaka 1964 alipita bure, na aliyewaacha mwaka 1966 akatozwa. Kanuni inayokata upande mmoja ni panga la mwenye nguvu.

SHERIA YA LEO

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 83, inasema mbunge akikiacha chama kilichompeleka Bungeni na kujiunga na kingine, au akabaki kama mbunge asiye na chama, anapoteza kiti. Lau ingekuwapo mwaka 1964, Bataringaya angalirudi Ankole kuwaeleza watu wake sababu zake. Labda wangemchagua tena. Lakini wangekuwa wameulizwa.

Hata hivyo, sheria hiyo nayo ilijaribiwa. Mwaka 2013 NRM iliwafukuza wabunge wake wanne: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Mohammed Nsereko na Barnabas Tinkasiimire. Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2014 kwamba wamepoteza viti. Wakakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kufukuzwa si sawa na kuhama, viti vikabaki vyao.

Uamuzi huo tuushike vizuri, maana ungekuwa mwingine, kila mbunge mwenye ulimi mkali angeng'olewa na wakubwa wa chama chake, na mpiga kura asingeulizwa vilevile. Kiti kinaweza kuibwa na mbunge anayehama, na kinaweza kuibwa na viongozi wanaofukuza.

KWETU TAWINI

Ndugu wanachama, ni rahisi kuwanyoshea wanasiasa kidole. Tujiangalie na sisi. Katika uchaguzi ujao tunapendekeza kila tawi lijadili mambo matatu na kuyaandika katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, mwakilishi akikubali usimamizi au cheo chochote cha upande wa mwajiri, arudishe kiti cha chama siku hiyo hiyo. Hatumkatazi kupanda cheo. Ana watoto na ada za shule kama sisi. Tunachokataa ni kukaa pande mbili za meza.

Pili, atakayekihama chama chetu na kwenda chama kingine cha wafanyakazi aache nafasi aliyopewa kwa kura zetu. Na wanaokuja kwetu kutoka vyama vingine tuwapokee kama wanachama, wasiingie na vyeo walivyopewa na watu wengine. Yaliyotokea Kenya yasitokee kwetu.

Tatu, viongozi wa juu, na sisi waandaaji tukiwamo, tusiwe na uwezo wa kumng'oa mwakilishi kwa sababu tu ametusema vibaya. Waliomchagua ndio wamtoe, kwa mkutano na kwa kura.

Yule mwakilishi wetu wa zamu ya usiku tulimtoa hatimaye. Hatukumpiga wala kumzomea. Wanachama walikusanyika nje ya lango baada ya zamu, wakahesabu mikono, wakamchagua mwingine. Barua iliandikwa upya, na posho tukaipata, ingawa pungufu ya tulivyoomba. Miezi saba tuliyopoteza haikulipwa na mtu. Kama kanuni ingekuwa imeandikwa, tungepoteza siku moja tu.

Iandikeni sasa, kabla ya uchaguzi, wakati bado hamjui itamgusa nani.