Je, Wajua? Shamba lenye ghorofa Kilimanjaro

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Wachaga hulima kihamba: shamba la ukoo linalozunguka nyumba na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Mazao yake hupangwa kama ghorofa.

• Juu kabisa husimama miti mikubwa kama mringaringa, inayotoa kivuli, kuni na mbao. Chini yake ni migomba, kisha mibuni, na ardhini kabisa magimbi, maharage na mboga.

• Ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini. Hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudi shambani kurutubisha udongo.

• Maji ya vijito hufikishwa mashambani kwa mifereji ya asili iitwayo mifongo. Wanaoitumia hugawana zamu za kumwagilia na kuisafisha kwa pamoja.

• Ndizi ni chakula cha nyumbani. Kahawa huleta fedha. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kiliundwa mwaka 1933.

• Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitambua Shimbwe Juu, mkoani Kilimanjaro, kuwa eneo la urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya vihamba vyake.